Barua kwa Mwanangu: Tenzi za Nyanya Yako

Malindi

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeusoma nikaurudia. Umeniambia unachapa madaftari ya nyanya yako, na umeona kila utenzi unaanza kwa kumtaja Mungu, kisha unaagiza wino na karatasi, na mwishoni unataja mtunzi na hesabu ya beti, sawasawa na tenzi za Waislamu wa Lamu na Pate. Ndugu yako mmoja amekushauri beti hizo uziondoe, maana nyanya alikuwa Mkatoliki wa kulala na rozari mkononi. Nawe unaniuliza: je, alikuwa ameazima dini ya wenzake?

La, mwanangu. Usiondoe hata ubeti mmoja.

Mama yangu alizaliwa katika nyumba ya Kigiriama, akaja mjini kwa ndoa. Walikaa Shela, mtaa wa hapa Malindi, ukuta mmoja na bimkubwa wa Kiislamu ambaye wewe hukumkuta. Huyo ndiye mwalimu wake. Alimfundisha wakipepeta mchele, wakisuka ukili, pasipo kalamu: kipande kina mizani nane, yaani silabi nane, vipande vinne ndio ubeti, vitatu vya mwanzo vinafuatana kwa kina kimoja, yaani vinaishia kwa sauti moja, na cha nne kinabeba kina kinachokwenda na utenzi mzima hadi tamati. Bimkubwa aliandika kwa herufi za Kiarabu, mama kwa herufi alizofunzwa na masista. Hakuna aliyeweza kusoma daftari la mwenzake! Kwa hiyo kila walichotunga kilipita mdomoni, na kosa likakamatwa na sikio. Mama akipungukiwa na mizani moja tu, bimkubwa alinyanyua mkono: "Hapo pana pengo, rudia." Mimi nikiwa mtoto nilidhani wanagombana.

Waliyempenda kuliko wote ni Mwana Kupona binti Mshamu, yule mama wa Pate aliyemtungia binti yake wosia mwaka 1858, akiwa mgonjwa. Beti zake mama alikuwa nazo moyoni, nami nimelelewa nazo pamoja na sala ya Salamu Maria. Sijawahi kuona vikigongana.

Lakini usije ukafikiri alichanganya. Bimkubwa alimsimulia habari za Maryamu chini ya mtende, kama zilivyo katika sura ya 19 ya Kurani, na mama alizipenda mno, akaomba arudiwe tena na tena. Hata hivyo katika tenzi zake Maria anajifungua Bethlehemu na kumlaza mtoto horini. Pale ambapo watunzi wa Kiislamu, baada ya kumhimidi Mungu, humsalia Mtume na kuwataja masahaba, yeye aliwaweka Mwana na Roho Mtakatifu, kisha Mama wa Mungu. Angalia daftari lolote utaona. Wale wawili walijua barabara wanapoachana, na kila mmoja alimheshimu mwenzake kwa kuwa imara mahali pake. Siku bimkubwa alipozikwa, mama alishinda na wanawake wa nyumba ile tangu asubuhi mpaka usiku.

Mpango wa utenzi, mwanangu, ni wa lugha yetu. Mtu hukaribia neno zito kwa kumtaja Mungu kwanza, akaomba zana, akasema lake, akajitaja na kuomba aombewe. Mama aliona huko ndiko kusali kwenyewe. Sikumbuki siku aliyotunga kisha akasali, au akasali kisha akatunga. Ilikuwa kazi moja. Punje za rozari ndizo zilizokuwa hesabu yake. Kila tendo, yaani kila tukio la Yesu na Mama yake linalotafakariwa katika rozari, lina Salamu Maria kumi, naye kila tendo alilipa beti kumi. Ndiyo maana utenzi wake wa matendo ya furaha una beti 50, wa uchungu 50, wa utukufu 50. Alipomaliza zile 150 alijua kazi imetimia, akafunga daftari.

Mwaka 2002 Papa Yohane Paulo wa Pili akaongeza matendo ya mwanga. Mama alikuwa ajuza tayari, macho yamefifia. Alitoka kanisani akaniagiza daftari jipya siku ileile. Hapo ndipo ulipo ubeti ninaoupenda kuliko yote aliyotunga katika miaka yake zaidi ya 90, wa harusi ya Kana:

Divai ilipokwisha,
Mama akamjulisha,
Maji akabadilisha,
Sherehe ikatimia.

Hauna neno la ziada. Bimkubwa angekuwa hai asingenyanyua mkono.

Usishangae pia kukuta manung'uniko pembezoni mwa kurasa. Misa ya Kilatini aliijua yote kwa moyo, na Kiswahili kilipoingia altareni baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, alifurahi sana. Kilichomuumiza ni nyimbo zilizobanwa ndani ya tuni za kigeni hata mkazo wa neno ukahama. Alimwendea katekista, akamwimbia mstari mzima kwa usahihi. Jimbo Katoliki la Malindi lilipoundwa mwaka 2000 na kanisa letu la Mtakatifu Antonio likawa kanisa kuu, alitunga shairi la mizani 16, si utenzi, na humo anashukuru kwamba jimbo limefika mpaka Lamu na Pate, kwa Mwana Kupona. Kuna pia beti fupi za Mtakatifu Fransisko Ksaveri, mmisionari aliyepita hapa mwaka 1542 akielekea India. Mama alipenda kwenda kusali katika kile kikanisa cha Wareno karibu na bahari.

Basi zichape kama zilivyo, vipande viwili mstari wa juu na viwili wa chini, ndivyo alivyozipanga. Ubeti wa tamati uuache na jina lake la ubatizo, maana hapo anaomba kila msomaji amwombee, na huna ruhusa ya kumnyima hilo. Katika daftari lenye jalada la buluu kuna ukurasa uliolowa wakati wa mvua. Beti zake ninazo kichwani. Nipigie Jumapili baada ya Misa, nikusomee uandike, na nikikosa mizani unisimamishe.

Mama yako