Kusukutua floraidi shuleni: Goma tuanze na maji

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Goma, mtaa wa Katindo. Wazazi wanaomba watoto wasukutue floraidi darasani kila wiki ili meno yasitoboke. Dawa inachanganywa namna gani, na inafaa watoto wa umri gani?

JIBU: Mwalimu, kwanza uliza watoto hao wanakunywa maji gani. Moshi wa volkano ya Nyiragongo unabeba floraidi, na mvua inaishusha juu ya mabati hadi kwenye matangi. Ukiona meno yenye madoa ya kahawia kwa watoto wengi, dalili ya floraidi kuzidi, au maji yakipimwa yakazidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, usianze kabla daktari wa meno hajawatazama.

Maji yakiwa mazuri, kipimo ni gramu 2 za unga wa sodiamu floraidi kwa lita 1 ya maji ya kunywa, yaani asilimia 0.2. Lita hiyo inatosha watoto 100, mililita 10 kila mmoja. Unga upimwe na mfamasia kwa mizani, ufungwe pakiti za gramu mbilimbili. Kijiko hakifai kabisa! Akitokea mtu akatia gramu 20, kila kikombe kitakuwa na miligramu 90 hivi za floraidi. Mtoto wa kilo 18 akiimeza ni wa kukimbizwa hospitali, na apewe maziwa mara moja. Tumia bidoni ya plastiki yenye jina la dawa na tarehe, ifungiwe kabatini.

Walio chini ya miaka 6 waache, maana wanameza. Hata wakubwa wajaribu kwanza kwa maji matupu: mpimie mtoto mililita 10, asukutue, ateme kikombeni, kisha upime tena. Kama yamepungua waziwazi, huyo bado.

Siku yenyewe, dakika moja kamili kwa kutazama saa, midomo imefungwa, dawa ipite katikati ya meno, halafu ateme. Asisuuze kinywa, asile wala kunywa kwa nusu saa. Kwa hiyo fanyeni baada ya mapumziko, si kabla.

Zoezi likifuatiliwa vizuri, utafiti unaonyesha kutoboka kunapungua kwa karibu asilimia 27. Lakini mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floraidi ubaki palepale. Pesa za wazazi zikitosha kimoja tu, nunueni miswaki na dawa ya meno.