Risiva ya chumba cha sinema: anza na spika na kochi, wati zije baadaye

Mkuu, umesema chumba chako ni mita 5 kwa 4, kochi limeegemea ukuta wa nyuma, spika tano unazo tayari, na unashindwa kuamua kati ya risiva, yaani mashine inayopokea sauti na picha na kuendesha spika, ya chaneli 9 (kila chaneli huendesha spika moja) iliyoandikwa wati 165 na ya chaneli 7 iliyoandikwa wati 90. Wengi waliotangulia kukujibu wamesema chukua yenye wati nyingi. Nakuomba usubiri kidogo. Njia hiyo nimeshaipita na ilinitesa karibu mwaka mzima.

Risiva yangu ya kwanza niliichagua kwa namba ya kwenye boksi, na namba yenyewe ilikuwa kubwa kweli. Kila tukiweka sinema yenye vishindo, baada ya kama dakika 40 inajizima na taa nyekundu inamemeta. Nikaipeleka kwa fundi nikiamini imeungua. Akaifungua, akaipima, nzima kabisa. Akaniuliza maswali mawili tu: spika zako ni za omu ngapi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), na risiva unaiweka wapi? Spika za mbele zilikuwa za omu 4. Risiva ilikaa ndani ya kabati lenye mlango. Kumbe ilikuwa inajizima kujiokoa na joto, maana kwa volti ileile spika ya omu 4 huvuta mkondo wa umeme mara mbili ya spika ya omu 8.

Hapo ndipo nilipojifunza kusoma maandishi madogo. Wati za kwenye boksi mara nyingi hupimwa chaneli moja tu ikifanya kazi, kwa omu 6, kwa mlio mmoja wa Hz 1,000 (mitetemo 1,000 kwa sekunde), tena sauti ikiwa imeshaharibika kwa asilimia 10. Kipimo cha kuaminika hutafutwa ndani ya kijitabu: chaneli mbili zikifanya kazi pamoja, omu 8, kuanzia Hz 20 hadi Hz 20,000, uharibifu chini ya asilimia 0.1. Zipime risiva zako mbili kwa mstari huo. Usishangae 165 na 90 zikikaribiana sana.

Na hata zisipokaribiana, piga hesabu hii. Ukiongeza wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Sikio linaitambua tofauti hiyo, ila si kubwa. Ili uone sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi. Chukua spika ya kawaida inayotoa desibeli 88 kwa wati 1 ukiwa mita 1. Ukikaa mita 3, inabaki kama 78, na chumbani huwa juu ya hapo kidogo kwa sababu kuta zinarudisha sauti. Mazungumzo ya sinema kwa desibeli 75 hayamalizi hata wati moja! Mlipuko unaopanda hadi 95 unataka wati 50 hivi, tena kwa nukta ya sekunde. Ndiyo maana risiva ya wati 90 za kweli inatosha chumba chako, mradi spika zako si za omu 4 wala si zile zenye sauti ya chini sana kwa kila wati.

Chaneli nazo zihesabu kwa kochi lako. Kwa kuwa limegusa ukuta, spika mbili za nyuma kabisa hazina pa kukaa. Unachoweza kujenga vizuri ni 5.1.2: tano za kuzunguka, sabufa moja, na mbili za darini kwa ajili ya Dolby Atmos, mfumo wa sauti unaoleta milio hadi kutoka juu. Hizo ni chaneli 7 za amplifaya, sabufa huwa na amplifaya yake. Chaneli 9 ungezihitaji kwa spika nne za darini.

Sasa jambo ambalo mimi ningelitanguliza kuliko yote: mfumo wa risiva wa kupima na kurekebisha sauti ya chumba. Kuna Audyssey, Dirac Live, YPAO na mingineyo, na ndani ya Audyssey peke yake kuna madaraja. Daraja la XT32 linarekebisha besi kwa undani kuliko yaliyo chini yake. Mara ya kwanza nilipima sehemu moja tu, maikrofoni nimeilaza juu ya kochi, feni inazunguka. Sauti za waigizaji zikawa nyembamba kama za kwenye simu, nikauzima mfumo mzima kwa miezi. Baadaye nilirudia kwa utulivu: maikrofoni juu ya stendi usawa wa masikio, mbali kidogo na mgongo wa kochi, sehemu zote nane, feni imezimwa, watoto wamelala. Jamani, nilidhani nimebadilishiwa spika. Ukishamaliza kupima, ingia kwenye menyu uhakikishe spika zote zimewekwa kama ndogo na mpaka kati yao na sabufa ni Hz 80, ili besi nzito ibebwe na sabufa. Hilo peke yake linaipunguzia risiva mzigo mkubwa.

Lakini hakuna mfumo unaoweza kujaza shimo la besi linaloletwa na chumba. Urefu wako wa mita 5 unajenga wimbi la Hz 34 hivi, kwa hiyo pengine pananguruma na pengine pakavu kabisa. Weka sabufa juu ya kochi unapokaa wewe, piga wimbo wenye besi, kisha tambaa kando ya kuta ukisikiliza. Palipo na besi iliyo sawa, hapo ndipo pa kuiweka. Nimefanya hivyo kila nilipohama.

HDMI, waya wa picha na sauti kati ya TV na risiva, sitaiongelea sana. Ukitumia programu za ndani ya TV, eARC ni bora kuliko ARC (zote ni njia za kurudisha sauti ya TV kwenye risiva kwa waya huo), ingawa ARC nayo hupitisha Atmos iliyobanwa kwenye TV nyingi. Kama unacheza gemu za 4K kwa picha 120 kwa sekunde, hakikisha ni matundu mangapi ya risiva yanayokubali, kwa sababu mara nyingi si yote.

Kati ya hizo mbili ningechukua ya chaneli 7, kwa sharti moja: iwe na matundu ya prii-auti (ya kutolea sauti ambayo haijaongezwa nguvu), ili siku ukitaka nguvu zaidi uchomeke amplifaya ya nje bila kuitupa risiva. Pesa itakayobaki iende kwenye spika ya katikati, maana mazungumzo karibu yote yanatokea hapo. Na usiifungie kabatini. Iachie nafasi ya wazi juu yake, sentimita 10 angalau.

Kabla hujalipa, geuza spika zako usome nyuma zimeandikwa omu ngapi, halafu pima kutoka spika za mbele hadi kochi ni mita ngapi. Ziweke hapa nikupigie hesabu kamili.