Maswali na majibu: Nani atajibu kwa makumbusho ya Baghdad na Khartoum?

Makala iliyopita niliandika kwamba kiongozi wa vita anapaswa kushtakiwa pia kwa urithi wa taifa unaoporwa mahali ambapo majeshi yake yameshika hatamu. Barua zimekuwa nyingi. Nimechagua hizi.

Watu wamekufa kwa maelfu Iraq na Sudan, wewe unalilia vyungu na sanamu. Huoni aibu? (Msomaji, Morogoro)

Sioni. Swali hili limeletwa na wengi, na wengi wao ni dhahiri waliishia kwenye kichwa cha habari. Hakuna aliyesema sanamu ina thamani kuliko mtoto. Ninachosema ni kwamba wanaoua na wanaopora huwa chini ya amri moja, katika vita moja. Majaji wa Nuremberg, waliowahukumu viongozi wa Nazi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliliona hilo vizuri. Alfred Rosenberg, ambaye ofisi yake ilisomba michoro, vitabu na samani za Wayahudi na za nchi zilizotekwa, alinyongwa Oktoba 1946 baada ya kukutwa na hatia ya mauaji na ya uporaji. Shtaka moja halikufuta jingine. Tafadhali, swali hili lisirudi.

Kwa nini hakuna kiongozi wa Marekani aliyeshtakiwa kwa uporaji wa makumbusho ya Baghdad mwaka 2003? Au halikuwa kosa kisheria? (Msomaji, Tanga)

Lilikuwa kosa. Nitaeleza kwa kirefu, maana wengi wamelisahau jambo hili na wengine walikuwa bado wadogo.

Majeshi ya Marekani yalifika katikati ya Baghdad tarehe 9 Aprili 2003. Kuanzia tarehe 10 hadi 12, waporaji waliingia Makumbusho ya Taifa ya Iraq. Vifaru vya Marekani vilikuwa jirani. Wafanyakazi waliwaendea askari wakawasihi wasogeze kifaru mbele ya lango, wakaambiwa hakuna amri ya namna hiyo. Ulinzi ulifika tarehe 16. Siku zote hizo Wizara ya Mafuta ilikuwa inalindwa.

Wala wasiseme hawakujua. Januari mwaka huohuo wataalamu wa mambo ya kale, akiwemo McGuire Gibson wa Chuo Kikuu cha Chicago, walikwenda Pentagon kueleza ni maeneo gani yasiguswe na ni yapi yalindwe. Makumbusho ya Baghdad yalitajwa. Tarehe 11 Aprili, waporaji wakiwa bado ndani, Waziri wa Ulinzi Donald Rumsfeld aliwaambia waandishi wa habari kwamba mambo kama hayo hutokea na kwamba uhuru una vurugu zake. Akauliza kama kweli nchi nzima ingeweza kuwa na vasi nyingi kiasi kile, kwa kuwa televisheni ilikuwa ikirudia picha ya mtu mmoja akitoka na vasi. Waandishi wakacheka.

Vasi mojawapo iliyoibwa siku hizo ni ile ya Warka. Ni ya alabasta, urefu wake karibu mita moja, umri wake karibu miaka 5,000. Imechongwa kwa mistari inayopanda: chini maji na mimea, juu yake kondoo, juu yao wanaume walio uchi wamebeba vikapu vya mazao, na juu kabisa sadaka inafikishwa kwa mungu wa kike Inanna. Wezi waliing'oa, kitako kikavunjika. Ilirudishwa Juni 2003 ndani ya buti la gari, vipandevipande.

Sasa sheria. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unazitaka nchi kukataza, kuzuia na kukomesha wizi wa mali za utamaduni wakati wa vita. Marekani iliutia saini mapema, lakini haikuuridhia mpaka 2009. Uingereza, mshirika wake mkuu, iliuridhia mwaka 2017. Hiyo ndiyo hoja ya mawakili wao, nayo ni dhaifu, kwa sababu kanuni za The Hague za mwaka 1907 zilikuwa tayari zinamtaka mvamizi arudishe utulivu katika nchi aliyoikalia, na zinakataza uporaji bila masharti. Sheria ilikuwepo. Kilichokosekana ni mahakama: Marekani si mwanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, wala Iraq haikuwa, na ndani ya Baraza la Usalama Marekani na Uingereza zina kura ya turufu.

Aliyewajibika ni mtu asiyekuwa na kikosi hata kimoja. Martin Sullivan, mwenyekiti wa kamati iliyokuwa ikimshauri rais wa Marekani kuhusu mali za utamaduni, alijiuzulu kwa uchungu. Rumsfeld alifariki mwaka 2021 bila kuulizwa na hakimu yeyote. Ripoti ya Chilcot, ya uchunguzi wa Uingereza kuhusu vita vya Iraq, ilimlaumu vikali Tony Blair, aliyekuwa Waziri Mkuu, kwa jinsi alivyoiingiza Uingereza vitani. Ilitoka mwaka 2016, na mwaka 2022 akavishwa nishani ya Garter.

Simsamehi Saddam Hussein pia. Wapiganaji wake waligeuza uwanja wa makumbusho kuwa ngome ya kufyatulia risasi, jambo ambalo ni marufuku, na mwaka 1990 majeshi yake yalisomba makumbusho ya Kuwait na kuyapeleka Baghdad. Alinyongwa Desemba 2006 kwa mauaji ya Dujail. Kwa Kuwait hakuwahi kuhukumiwa.

Ni kweli vitu 170,000 viliibwa Baghdad? (Msomaji, Mombasa)

Hapana, ni takriban 15,000. Acheni kusambaza ile namba nyingine. Kila inaporudiwa, watetezi wa Rumsfeld wanapata pa kujifichia.

Lakini walioiba ni Wairaki wenyewe. Mgeni analaumiwaje? (Msomaji, Dodoma)

Walioiba wengi walikuwa Wairaki, ndiyo, na baadhi walikuwa na msaada wa watu wa ndani. Uchunguzi wa Kanali Matthew Bogdanos wa jeshi la Marekani ulionyesha wizi wa aina tatu: waliojua wanachotaka walichagua vitu bora kwenye kumbi za maonyesho, watu wa mtaani wakabeba chochote kwenye maghala ya juu, na kundi la tatu likashuka chini ya jengo na funguo mkononi. Hawa wa tatu walifuata mihuri, vijiwe vya mviringo visivyozidi pingili ya kidole, vilivyochongwa watu, wanyama na maandishi kwa ustadi wa ajabu. Vilikuwa vikiviringishwa juu ya udongo mbichi kuweka saini ya mwenye mali. Umeme haukuwepo, wezi wakachoma vipande vya sponji ili wapate mwanga, wakaangusha funguo gizani na hawakuziona tena. Kwa hiyo makabati hawakuyafungua. Hata hivyo waliondoka na mihuri karibu 5,000, na fuko moja tu la mgongoni linatosha kuibeba.

Ndugu yangu wa Dodoma, mwizi anastahili jela. Lakini ukiuangusha utawala wa mji na kuwatawanya polisi wake, wajibu wa kuzuia wizi umeuchukua wewe. Ndiyo maana wajibu huo umeandikwa, tena kwa ajili ya hali kama hiyo hasa.

Je, vitu hivi visingekuwa salama zaidi vikibaki Ulaya? (Msomaji, Nakuru)

Agosti 2023 British Museum ilikiri kwamba vitu vyake vipatavyo 2,000 vimeibwa, havionekani au vimeharibiwa. Aprili 1944 mabomu yaliteketeza jijini Munich mifupa ya dinosaria ambayo Wajerumani waliitoa Misri. Endelea kuuliza, mwanangu, lakini uliza ukiwa na habari hizi.

ICC si ya Waafrika tu? Yule wa Timbuktu alifungwa, wakubwa wapo mitaani. (Msomaji, Bujumbura)

Una hoja, ila nusu yake.

Ahmad al-Faqi al-Mahdi alihukumiwa miaka 9 mwezi Septemba 2016 kwa kusimamia ubomoaji wa makaburi ya mawalii wa Timbuktu mwaka 2012. Alikiri, akaomba radhi, na tayari ameachiwa. Mimi sina huruma naye. Ninacholalamikia ni kwamba Iyad Ag Ghaly, kiongozi wa Ansar Dine, yaani kundi lililoushika mji ule, ana waranti wa ICC uliowekwa hadharani Juni 2024 na bado yuko huru. Nyavu hizi zinavua dagaa, papa anapita.

Nusu ya pili ni Dubrovnik, nchini Croatia. Tarehe 6 Desemba 1991 jeshi la Yugoslavia liliupiga makombora mji huo wa kale, ambao ni urithi wa dunia. Jenerali Pavle Strugar hakufyatua hata kombora moja. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Yugoslavia, iliyokaa The Hague, ilimtia hatiani kwa sababu walio chini yake walifanya hivyo, naye hakuwazuia wala hakuwaadhibu. Alipewa miaka 8, rufaa ikaipunguza kuwa 7 na nusu. Huyo ni Mzungu, ni jenerali, na alifungwa pia kwa kuharibu majengo ya kihistoria. Kwa hiyo msiniambie haiwezekani. Imewezekana. Nchi zenye nguvu zimeamua tu isiwahusu watu wao.

Fuvu la Mkwawa lilisharudi Kalenga tangu 1954. Tunadai nini tena kwa Wajerumani? (Msomaji, Iringa)

Swali hili kutoka Iringa limeniumiza, kwa hiyo naomba nilijibu taratibu.

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 una vifungu viwili ambavyo watoto wetu wangepaswa kuvisoma pamoja. Kifungu cha 227 kilitaka Kaiser Wilhelm II ashtakiwe mbele ya mahakama maalumu ya kimataifa. Kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mtwa Mkwawa ndani ya miezi 6. Yaani hati moja, zaidi ya miaka 100 iliyopita, ilimtaka kiongozi wa vita ajibu na ikataka kilichoporwa kirudi. Kaiser alikuwa ameshakimbilia Uholanzi, Uholanzi ikakataa kumtoa, akafia huko mwaka 1941. Fuvu lilichukua miaka 35, mpaka Gavana Edward Twining alipolileta kutoka makumbusho ya Bremen.

Na tazama walioongoza vita yenyewe. Gavana Friedrich von Schele aliivunja ngome ya Kalenga Oktoba 1894, pembe za ndovu na baruti vikachukuliwa, naye akatuzwa nishani ya juu ya kijeshi ya Prussia kwa kazi hiyo. Gavana Gustav Adolf von Götzen aliongoza uzimaji wa Majimaji kwa kuchoma mashamba na maghala ya chakula, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Hakuna aliyefika kizimbani. Hata Kaiser angeshtakiwa, Kalenga na Songea havikuwemo kwenye shtaka.

Kwa hiyo tunadai mengi. Mangi Meli alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na ukoo wake bado unatafuta kichwa chake. Nduna Songea Mbano alinyongwa Februari 1906, na familia yake nayo inatafuta. Rais Frank-Walter Steinmeier alikuja Songea Novemba 2023 akaomba msamaha. Alifanya vyema kuja. Lakini mifupa ya dinosaria wa Tendaguru iliyobebwa kutoka Lindi kati ya 1909 na 1913 bado inaingiza watu Berlin, na serikali yetu imekuwa ikilizungumzia jambo hilo kwa upole ambao mimi siuelewi. Wabunge wa Lindi, hili ni lenu.

Makumbusho ya Khartoum yameporwa. Nani atashtakiwa? (Msomaji, Kampala)

Kwa hali ilivyo sasa, hakuna, na nataka ujue sababu.

Vita vilianza tarehe 15 Aprili 2023 kati ya jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan na wapiganaji wa RSF wa Mohamed Hamdan Dagalo, maarufu Hemedti. RSF walilishikilia jengo la makumbusho ya taifa, kando ya mto Nile. Jeshi lilipoirudisha Khartoum Machi 2025, chumba cha dhahabu kilikutwa kitupu na maghala yamesombwa. Sanamu ya mfalme Taharqa ilibaki kwa sababu ya uzito wake. Yalikuwa makusanyo ya Kerma, Kush na Meroe, historia ya falme za kale za Kiafrika, na Kush iliwahi hata kuitawala Misri.

ICC ina mamlaka Sudan kwa sababu Baraza la Usalama lilipeleka kesi huko mwaka 2005, lakini azimio lile, namba 1593, linahusu Darfur peke yake. Khartoum haimo. Dawa ni Baraza kupanua azimio, au nchi moja kuwashtaki wahusika kwenye mahakama zake wakikanyaga ardhi yake. Wamekanyaga ardhi za Afrika Mashariki mara ngapi? Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi, kwenye ukumbi mkubwa wa mikutano, wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao. Hakuna aliyewauliza kuhusu makumbusho. Mimi naona hiyo ni fedheha kwa wenyeji wao, na nitaendelea kuiandika hivyo.

Nimeona mtu mtandaoni anauza kisanamu anachosema ni cha Kush, bei nafuu. Ninunue? (Msomaji, Dar es Salaam)

Usinunue. Kama ni bandia umetapeliwa, na kama ni halisi umenunua mali ya wizi. Tangu Septemba 2024 UNESCO imewaomba wanunuzi wa dunia nzima wasiguse vitu vya Sudan. Kampuni ya Hobby Lobby ya Marekani iliagiza vitu vya kale vya Iraq ambavyo kwenye karatasi za mizigo viliandikwa kuwa sampuli za vigae. Mwaka 2017 ilikubali kulipa dola milioni 3 na kuvisalimisha, na baadaye ikanyang'anywa pia kibao cha udongo chenye sehemu ya utenzi wa kale wa Gilgamesh, kilichorudi Iraq mwaka 2021. Piga picha tangazo pamoja na jina la akaunti kabla halijafutwa, usimjibu muuzaji, kisha lipeleke polisi na Idara ya Mambo ya Kale. Ukiogopa kwenda peke yako, nenda na mwenyekiti wako wa mtaa.