Chwaka ni ghuba au ni hori?

SWALI: Vitabu huandika "Ghuba ya Chwaka", mwalimu wetu hutaja "hori", na mjomba wangu mvuvi huita hori chombo chake. Lipi sahihi? Tena, tuseme "ghuba ya" au "ghuba la"?

JIBU: Hakuna aliyekosea, ila kila mmoja anataja kitu chake. Ghuba ni bahari iliyojiingiza katika nchi kavu ikaacha mlango mpana, ilhali hori ni mkono mwembamba wa bahari, aghalabu wenye mikoko kingo zote mbili. Chwaka, mashariki ya Unguja, inavyo vyote viwili. Ukisimama ufukweni maji yakiwa yamejaa, ukaiona rasi ya Michamvi ng'ambo ya pili, yaliyo baina yenu ni ghuba; ukielekea kusini, upande wa Charawe na Ukongoroni, unaingia katika mikoko, na humo ndimo linamopita hori la Mapopwe. Siku za bamvua, maji yakipwa, sehemu kubwa ya ghuba hubaki mchanga na majani ya bahari, na wanawake huenda kwa miguu hadi kwenye mashamba ya mwani, kilimo kilichoshika kasi pwani hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Hata ikikauka hivyo, ni ghuba, kwa kuwa neno hili halidai maji marefu. Hayo yana jina lake, kilindi, tunalolisikia katika Kilindini ya Mombasa.

Maneno yote mawili ni ya Kiarabu. Ghuba ingali katika majina kama Ghubbat Hashish ya Oman, na hori linatokana na "khawr". Hori la mjomba wako ni neno jingine kabisa, lililotoka Bara Hindi na kuenea kwa mabaharia. Sauti tu ndizo zimekutana.

Kuhusu ngeli, ghuba ni I-/ZI-: ghuba hii, ghuba hizi. Ndiyo maana hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2004 huitwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. "Ghuba la" nakutana nalo mara kwa mara, nami hulisahihisha kila mara. Hori la maji ni LI-/YA-: hori hili, mahori haya. Ukubwa haubadilishi kitu. Ya Bengal ni ghuba, na ya Chwaka, inayovukwa kwa ngalawa, ni ghuba vilevile.