Ncha nyeusi kwenye okidi: kabla ya dawa, tazama maji

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina okidi nyeupe ya Madagaska, ile ya maua yenye mkia mrefu. Kijana wangu aliniletea miaka mitatu iliyopita ikiwa na majani sita, pamoja na karatasi zake zote za kibali. Nimeipanda kwenye chungu cha udongo, ndani nimejaza makumbi ya nazi niliyotumiwa kutoka Tanga. Naimwagilia maji ya kisima cha hapa kwetu Usa River, na kwa kuwa najua yana floraidi, nayachemsha kwanza, yakipoa ndipo naimwagilia. Mbolea ya busta naweka kila wiki mbili. Tangu mwaka jana ncha za majani zinakuwa nyeusi, na mwezi huu mizizi miwili imekufa nchani. Duka la pembejeo wameniuzia dawa ya ukungu, nimepiga mara tatu, nafuu hakuna. Ua sijawahi kuliona. Nimekosea wapi? (Mama wa Usa River)

JIBU: Mama, pole, na hongera pia. Okidi hiyo, ambayo kitaalamu ni Angraecum sesquipedale, kuishi miaka mitatu kwa maji ya Usa River si mchezo. Wengi huwafia ndani ya mwaka.

Dawa ya ukungu iweke kabatini. Nimezitazama picha zako kwa kuzikuza. Ukungu ukiingia kwenye okidi mara nyingi huanza na doa popote pale kwenye jani, doa linatanuka, kesho liko jani la pili. Kwako weusi umeanzia nchani kabisa, na umeanza na majani ya chini ambayo ndiyo ya zamani. Umekauka kama karatasi iliyopitishwa motoni, na kati ya weusi na kijani kuna uzi mwembamba wa njano. Mizizi nayo imekufa kuanzia nchani, pale ambapo ingetakiwa kuwa na kijani kibichi kinachong'aa. Ukingo wa chungu una unga mweupe. Wewe labda umeuzoea, mimi ndio kitu cha kwanza nilichokiona. Mmea wako hauna ugonjwa. Unakunywa chumvi, tena kutoka sehemu tatu kwa mpigo.

Kwanza fikiria ulikotoka. Okidi hii ni ya mwambao wa mashariki wa Madagaska, nchi ya joto, karibu na usawa wa bahari, ambako kuna sehemu mvua hupita milimita 3,000 kwa mwaka. Haikai ardhini. Inashika matawi ya miti na mara nyingine miamba, mizizi ikining'inia hewani. Ile ngozi nyeupe unayoiona kwenye mizizi ni kama sifongo: ikiguswa na maji inayanyonya papo hapo na kugeuka kijani. Kwao maji hayo ni ya mvua, hayana kitu ndani yake. Kwa hiyo mmea haukujaliwa namna ya kuchuja. Chochote kilichoyeyuka kwenye maji, sifongo inakivuta.

Sasa tuje kwetu. Maji ya visima vya chini ya Mlima Meru yamepita kwenye miamba ya volkano, na yametoka humo na floraidi, ndiyo, lakini yametoka pia na magadi. Ni magadi yaleyale tunayotia kwenye makande yalainike. Watu wa Maji ya Chai na vijiji vya jirani wanayajua kwa ulimi, na meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa ukanda huu ni ushahidi wa ile floraidi. Kila ukimwagilia, maji yanakauka, chumvi inabaki chunguni. Kesho unaongeza nyingine. Ukitaka kujua kinachotokea kwenye ncha ya mzizi, kumbuka kachumbari: vitunguu ukivitia chumvi, baada ya dakika chache bakuli lina maji. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya kitunguu. Mzizi wako unafanyiwa hivyo hivyo, ukiwa ndani ya maji lakini una kiu. Ile chumvi kidogo inayofanikiwa kupanda husafiri na maji mpaka mwisho wa jani, maji yanapotea hewani, yenyewe inabaki palepale nchani. Ndio weusi huo.

Kuhusu kuchemsha, naomba usijilaumu, maana nami nilifanya hivyo mwaka wangu wa kwanza kwenye banda la maua na nikajiona msomi kweli. Kuchemsha kunaua vijidudu. Floraidi haiondoki kwa moto, na magadi ya kwetu hayaondoki pia. Kinachoondoka ni maji kwa njia ya mvuke. Ukianza na lita 10 zikabaki 8, umeyakoleza kwa robo. Ulikuwa unatumia mkaa kuutengenezea mmea wako supu.

Kama hapo una shaka, fanya jaribio hili leo. Tafuta vipande vitatu vya kioo, vioshe vizuri. Weka kijiko kimoja cha maji ya kisima kwenye cha kwanza, kijiko cha maji uliyochemsha kwenye cha pili, cha maji ya mvua kwenye cha tatu. Viache juani mpaka vikauke kabisa, kisha viweke juu ya kitambaa cheusi. Cha mvua kitakuwa na vumbi tu. Cha kisima kitakuwa na duara jeupe unaloweza kulikwangua kwa ukucha, na cha maji yaliyochemshwa zaidi ya hapo. Kwenye mashamba ya maua tunapima kwa kifaa kinachoonyesha chumvi kwa mikrosiemensi, na mimi kwa okidi sivuki 500 hata nikishatia mbolea. Lakini kioo na kitambaa cheusi vitakutosha.

Utaniuliza kuhusu mkaa wa mifupa wa kuchujia maji, ule ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeufanyia kazi kwa miaka. Unapunguza floraidi kweli, na kwa meno ya wajukuu ni jambo la maana. Magadi unayaacha palepale. Kwa okidi ni nusu ya dawa.

Chumvi ya pili ni makumbi. Minazi ya pwani hukua karibu na bahari, na makumbi mara nyingi hulowekwa au kuanikwa kwenye mazingira ya chumvi, kwa hiyo yanakuja nayo. Yangekuwa yamelowekwa kwenye maji ya mvua siku kadhaa na kubadilishiwa maji, yasingekuwa na neno. Hukuniambia kama uliyaloweka, nami nadhani uliyatia chunguni kama yalivyotoka kwenye gunia. Ya tatu ni busta. Mbolea ni chumvi, mama, hata ikiwa na picha ya ua zuri kwenye paketi. Kila wiki mbili, juu ya maji ya magadi, ni nyingi mno.

Dawa basi ni mvua. Usiogope ukubwa wa kazi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 likipata mvua ya milimita 20, ni lita 800, na ukitoa zinazopotea bado umejaza zaidi ya nusu ya simtanki la lita 1,000. Okidi yako haimalizi lita mbili kwa wiki, kwa hiyo hata madumu manne ya lita 20 yanakuvusha kuanzia mwisho wa masika mpaka vuli. Mvua ya kwanza iache ioshe vumbi na vinyesi vya ndege, kinga zinazofuata. Funika vizuri, mbu wa Usa River hawahitaji kualikwa.

Ukishapata maji, weka chungu juu ya ndoo na umimine maji ya mvua polepole, kiasi cha mara tatu ya ujazo wa chungu. Subiri saa moja, rudia. Hilo ni la kutuliza maumivu tu, kwa sababu makumbi na udongo wa chungu chenyewe vimeshalewa chumvi. Lazima uihamishe. Hapa ndipo watu wengi wanaiua, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Okidi hii inachukia kuguswa mizizi. Ukiihamisha kwa pupa hununa mwaka mzima, mara nyingine hudondosha majani nusu. Usiihamishe kwenye baridi. Subiri joto lirudi, kuanzia Septemba au Oktoba, na hata hapo usifanye kitu mpaka uone ncha mpya za mizizi zenye kijani urefu wa kama punje ya mchele. Siku hiyo loweka chungu chote kwenye maji ya mvua nusu saa ili mizizi ilainike. Inayotoka kirahisi itoe. Iliyoganda kwenye udongo wa chungu usiivute! Chukua nyundo, vunja chungu taratibu, na kile kigae kilichoshikwa na mzizi kiende nacho kwenye makazi mapya. Kata iliyooza tu kwa kisu ulichokipitisha motoni, acha vidonda vikauke siku moja kivulini.

Makazi mapya yawe kikapu cha fito au chungu cha plastiki chenye matundu makubwa. Ndani tia magome ya paini, vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Kwenye mashine za mbao hayana bei, wanayachoma. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, loweka tena. Changanya mkaa kidogo, konzi moja kwa tano, usizidishe maana mkaa nao hutunza chumvi. Udongo hapana, wala mbolea ya ng'ombe. Baada ya hapo nyunyizia majani tu kwa wiki moja kabla ya kumwagilia. Wakati wa joto mwagilia mara mbili kwa wiki, asubuhi. Kipupwe kikiingia, mara moja kwa siku saba hadi kumi inatosha. Mizizi ikiwa ya kijivu ina kiu, ikiwa ya kijani bado ina maji.

Busta irudi baada ya kuona jani jipya, nusu kijiko cha chai kwa ndoo ya lita 10, kila wiki tatu, Novemba mpaka Aprili. Ndoo haitaisha, iliyobaki mwagie mchicha.

Kuhusu ua, kuna mambo mawili. Kutoka mbegu mpaka ua la kwanza okidi hii huchukua miaka mitano au zaidi, na yako ilipokuja na majani sita ilikuwa bado mtoto. La pili ni baridi. Usa River iko juu, usiku wa Julai ni mkali kwa mmea wa pwani, nao hautaki kushuka chini ya nyuzi 15. Ungekuwa Moshi mjini, chini kidogo na penye joto, ningekupunguzia aya nzima. Hapo kwako, Juni mpaka Agosti usiku uweke barazani kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, au jikoni. Mchana unataka mwanga mwingi uliochujwa, neti ya kivuli ya nusu kwa nusu. Chini ya mwembe ni giza mno. Vitabu vya Ulaya vitakuambia inachanua Krismasi. Hiyo ni Krismasi yao ya baridi. Sisi na Madagaska tuko kusini ya ikweta, kwa hiyo tazama matumba ya ua kwenye kwapa za majani kuanzia Mei.

Huo mkia wa ua uliokuvutia ndio ulioipa okidi hii umaarufu. Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza, alipoupima mwaka 1862 ukafika karibu sentimita 30, na asali iko mwishoni tu. Akasema lazima kuwe na nondo mwenye ulimi wa urefu huo. Alichekwa na wengine, na nondo huyo akaja kupewa jina mwaka 1903, alipokwishafariki. Binamu wa nondo huyo anaruka usiku huku kwetu bara pia, ila ulimi wake ni mfupi, kwa hiyo usitegemee tunda.

Ncha zilizokwisha kuwa nyeusi hazitapona, ukitaka zikate kwa kufuata umbo la jani. Wewe hesabu jani jipya tu. Likikomaa na ncha nzima, maji yamekubali. Tumba likitokea, usikigeuze kikapu tena, kwa sababu linajielekeza kwenye mwanga na ukilizungusha litapinda. Ua litafunguka likiwa na ukijani, usidhani limeharibika, baada ya siku chache litakuwa jeupe. Harufu usiitafute mchana. Kaa barazani kuanzia saa mbili usiku.