Kumpeleka mama kambi ya mahema Ngare Sero: uliza maji kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu mama yako, swali lako nililisoma juzi usiku nikiwa Karatu na wageni, nikasema hili nitalijibu nikifika nyumbani nikae vizuri. Umeuliza kama mama wa miaka 61 mwenye presha anaweza kukaa siku 3 kwenye kambi ya mahema kule Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron, chini ya mlima wa volkano Ol Doinyo Lengai, na kama haya maneno ya "kambi rafiki wa mazingira" yana ukweli.

Mama anaweza kwenda. Hilo la pili linategemea kambi, na unaweza kulijua kabla hujalipa hata shilingi.

Mimi ni dereva wa watalii hapa Arusha, huu mwaka wa 14. Njia ya Makuyuni, Mto wa Mbu, Engaruka hadi Ziwa Natron nimeipita mara nyingi mno, ila miaka yote nililala banda la madereva nyuma ya jiko. Mwaka juzi, mwezi wa sita, kambi moja ilinipa bei nzuri ya mkazi. Nikamchukua mke wangu na mama mkwe, watoto tukawaacha kwa shangazi yao Moshono. Kwa hiyo nimeiona kambi kwa mbele na kwa nyuma.

Kule ni milima na ukame. Ukishapita Engaruka kijani kinaisha. Kushoto una ukuta wa Bonde la Ufa, mbele mlima Kerimasi na Lengai, kulia mlima Kitumbeine na baadaye Gelai, na katikati ni vumbi la majivu ya volkano, nyasi kavu na migunga mifupi. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, Ziwa Natron liko kama mita 600, kwa hiyo kule joto ni kali zaidi. Mwili wa mtu mzima unaisikia tofauti hiyo siku ya kwanza tu.

Sasa maji, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ziwa lenyewe ni magadi, halinyweki. Maji baridi yanashuka na mto Ngare Sero kutoka kwenye ukuta wa bonde, na mto huohuo unategemewa na kijiji, ng'ombe, punda na kambi. Ndoo anayoimwaga mgeni ovyo ni ndoo ambayo kuna mama kijijini angeichota. Kambi ikiniambia ni rafiki wa mazingira, mimi naenda kuangalia maji yake, mengine baadaye.

Jioni ya kwanza, kama saa 12 na nusu, kijana wa kambi alikuja na ndoo nyuma ya hema la mama mkwe. Bafu lao ni mfuko wa turubai wa lita 20, unashushwa kwa kamba na kapi, anamimina ya moto, anachanganya na ya baridi, anaupandisha tena. Nikamsikia anasema kwa adabu, "Shikamoo mama, maji tayari. Mnyororo wa kushoto unafungua, wa kulia unafunga." Mama mkwe amekulia Machame, mfereji unapita kando ya migomba, maji hajawahi kuyahesabu maishani. Kesho yake alitusimulia mwenyewe: alisimama kwanza akisikiliza mfuko unavyodondosha, tone moja moja kwenye mawe. Akafungua akajilowesha, akafunga, akajipaka sabuni taratibu, akafungua tena. Akaoga, akafua na khanga yake, na maji yakabaki. Lita 20! Siku ya pili alimwambia yule kijana apunguze, nusu inamtosha.

Maji hayo yakishatumika yanaingia kwenye shimo la mawe na mchanga. Choo hakivuti maji, unamwagia kopo la majivu na vumbi la mbao. Choo cha kawaida kinakula lita 6 hadi 9 kila ukivuta, piga hesabu mwenyewe kwa kambi iliyojaa. Harufu hatukuisikia siku zote 3, ila majivu lazima yamwagwe kila mara, mweleze mama mapema asione aibu kuuliza.

Kuna kambi nyingine, jina naliacha, nimewahi kulala kwenye banda lake la madereva. Maneno ya mazingira yameandikwa getini kwa herufi kubwa. Ina bwawa la kuogelea. Alfajiri niliona boza linashusha maji pale, na hatua chache barabarani akina mama wa Kimaasai wamepanga madumu yao wanasubiri punda. Nyuma ya jiko chupa za plastiki zilikuwa zinaungua kwenye shimo. Iliniuma sana, na bado inaniuma, maana wageni wangu walilipa wakiamini wanasaidia.

Kwa hiyo piga simu, omba kuongea na meneja. Muulize maji wanayatoa wapi na mgeni mmoja anapewa kiasi gani. Muulize taka zinakwenda wapi, kambi yetu ilizirudisha Arusha na gari lililoleta mboga. Muulize wanachemshia nini maji: mgunga kule unakua polepole, na kambi inayochoma kuni kila jioni inaumaliza mlima. Sisi tulikuta sola, na jikoni mkaa wa maganda ya kahawa. Na muulize wangapi kati ya wafanyakazi ni wa kijiji kile. Meneja mwenye kazi safi atakujibu bila kutafuta maneno. Akianza kukuelezea mashuka, tafuta kambi nyingine.

Umeme ni wa sola, unatosha taa na simu. Pasi na birika la umeme viache nyumbani.

Usiku jiandae na upepo. Unashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde, turubai linapiga kama tanga la jahazi. Mama mkwe aliogopa usiku wa kwanza, mke wangu akahamia hemani kwake. Omba hema lililo karibu na la kulia chakula, na zipu zifungwe jua likizama, vumbi linaingia hadi kwenye mto wa kulalia.

Kuhusu volkano, ni kweli mlima uko hai. Julai 2007 tetemeko lilitikisa hadi huku mjini, na Septemba ukalipuka, majivu yakaendelea kuruka hadi 2008. Kwa hiyo muulize meneja hali ya mlima wiki ile unayokwenda, wenyeji wanaujua. Kupanda si kwa mama yako: wanaanza usiku wa manane kukwepa jua, mteremko mkali hadi mita 2,962. Mpeleke ziwani saa 12 asubuhi, kabla jua halijachoma. Heroe wanasimama kwa maelfu kwenye maji mekundu, na ukanyagapo ukingo, gamba la magadi linavunjika kama ukoko wa wali. Mpeleke pia kwenye nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400 zimegandia kwenye majivu, nyingine unaona kabisa vidole. Mama mkwe alivua kiatu akapima mguu wake kwa mbali, hakutaka kuzikanyaga. Maporomoko ya mto Ngare Sero yaache kama ana shida ya magoti, njia ni mawe na kuvuka maji.

Dawa za presha ziwe kwenye mkoba wake, zisikae kwenye buti la gari linalochemka, na amwone daktari wake kabla ya safari kwa sababu hospitali kubwa ni mbali. Maji ya kunywa uliza kama wanachuja floraidi, yale madini yanayoharibu meno, ukanda wetu huu unaujua, ama beba ya kwako kwenye dumu kubwa badala ya chupa ndogo ndogo. Mageti ya ushuru yapo njiani, dai risiti.

Juni au Julai ni sawa. Aprili usithubutu, makorongo ya baada ya Engaruka yakijaa mnalala njiani. Niambie una gari gani, nikueleze pa kupita.