Kabla hujamwambia mtu "una ego"

"Huyo ana ego!" Utalisikia ofisini, kijiweni, hata kwenye grupu la ukoo, na kila anayelisema ana lake moyoni. Fundi anayekataa kupunguza bei ana ego. Bosi asiyeitikia salamu ya mfagizi ana ego. Mume asiyeomba radhi, naye ana ego. Wa kwanza anajua thamani ya kazi yake, wa pili ana dharau, wa tatu huenda anaona haya tu. Hawatibiki kwa dawa moja.

Kwa asili neno hili halina ubaya: ni Kilatini, "mimi". Sigmund Freud, daktari wa Austria aliyelifanya wazo hili lijulikane katika elimu ya nafsi, mwaka 1923 aliandika kwa Kijerumani "das Ich". Kilatini kililetwa na waliomtafsiri kwa Kiingereza. Kwake hiyo ni sehemu ya nafsi inayosuluhisha kati ya tamaa, dhamiri na hali halisi, kwa hiyo kila mtu anaihitaji. Mtaani limekuwa jina la ile sifa mtu anayojipa, pamoja na jazba ya kuilinda.

Ego ikiguswa, mada huhama. Mhasibu anasema, "Risiti ya mafuta ya Jumanne haioani na hesabu." Dereva anajibu, "Kwa hiyo mimi mwizi?" Swali lilikuwa la karatasi, jibu limekuwa la heshima. Mhasibu akiongeza "punguza ego", risiti imeshasahaulika, maana tuhuma hiyo haina utetezi: ukikana, wanasema si unaona, ukinyamaza, umekiri. Afadhali aseme, "Sijasema hivyo. Njoo tuiangalie wote," na asiseme mbele ya madereva wengine. Taja tendo, tabia iache.

Kwako mwenyewe dalili ni rahisi: mwenzako hajamaliza sentensi, wewe umeshaanza kuchimbua kosa lake la mwaka juzi. Hapo rudia hoja yake mpaka aseme "ndiyo, ndicho nilichosema", kisha jibu hiyo hoja peke yake. Kama damu imechemka, omba muda, lakini utaje saa: "Nitakujibu saa kumi jioni." Bila saa, ataona umemkwepa, na mara nyingi atakuwa sahihi.

Msamaha ndio unaoharibika zaidi. "Samahani kama umekwazika" humtupia kosa aliyekosewa, kana kwamba shida ni wepesi wake wa kukwazika. Sema ulichofanya: "Samahani, nilikukatiza mbele ya wageni." Weka nukta. Ukitia "lakini", yote ya nyuma yamefutika. Kama una malalamiko yako, yapeleke siku nyingine.

Kwa aliyekuzidi umri, hata maneno mazuri yakisemwa kikaoni yanaweza kuonekana utovu wa adabu. Pitia kwa mtu wa rika lake, au mfuate akiwa peke yake, anza na shikamoo, kisha uliza badala ya kusahihisha: "Mzee, hapa naona tofauti, naomba unieleweshe."

Ila mwajiri asiyelipa mshahara akikuambia "shusha ego" ulipoudai, usibabaike. Hiyo si ego, ni deni. Dai kwa maandishi, taja mwezi na kiasi.